Mwani huu umenichosha!

Jumamosi nilisugua tangi la samaki hadi vidole vikaniuma. Leo Jumatano, kioo ni kijani tena! Kibaya zaidi ni yale mawe ya lava ya volkano ya Nyiragongo iliyolipuka 2002, tuliyookota hapa hapa Goma. Yana vitundu vidogo vidogo, mwani unajificha humo, hata mswaki haufiki. Lakini nayapenda, siyatoi. Ila wageni wangu, jamani, nawaomba: acheni kuwatupia samaki makombo ya mkate! Yasipoliwa yanaoza, yanakuwa mbolea ya mwani. Na nani amefungua tena pazia? Jua la asubuhi linapiga tangi moja kwa moja. Halafu jirani ananishauri nitie javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Javeli, samaki wakiwa ndani! Si watakufa wote?