Kijiko cha zeituni cha mama mdogo

Nilipopanda Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kumsalimia mama mdogo, nilimkuta anakunywa mafuta. Kijiko kimoja cha chakula, asubuhi, kabla hajatia kitu kingine tumboni. Mezani kulikuwa na kichupa cha mafuta ya zeituni, vile vidogo vya duka la dawa ambavyo wengi wetu tumekua tukivijua kwa kupaka watoto wachanga na kwa maombi. "Yanazibua mishipa, mwanangu," akaniambia. Ana presha, na mwenzake wa jumuiya ndiye aliyemshauri. Dawa zake za hospitali anameza kila siku. Hilo nilihakikisha kabla ya kusema lolote.

Mama mdogo hajadanganywa. Tatizo ni kwamba amepewa nusu ya habari, na nusu aliyokosa ndiyo yenye kazi.

Sifa za mafuta ya zeituni hazikutoka hewani. Huko Hispania watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 7,400 wenye umri wa miaka 55 hadi 80, ambao moyo ulikuwa haujawasumbua lakini walikuwa na kisukari, presha au hatari nyingine. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Baadaye ikaonekana kwamba katika vituo kadhaa watu hawakugawanywa kwenye makundi kwa utaratibu unaotakiwa, makala ikaondolewa, hesabu zikarudiwa, ikachapishwa upya mwaka 2018. Jibu halikubadilika sana: waliokula kwa mtindo wa nchi za pwani ya bahari ya Mediterania pamoja na mafuta ya zeituni au karanga za miti walipata mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo cha moyo pungufu kwa takriban asilimia 30 kuliko walioshauriwa kupunguza mafuta. Utafiti uliokubali kusahihishwa hadharani namna hiyo mimi nauamini zaidi.

Lakini angalia walivyokula. Kila kaya ya kundi la zeituni ilipewa kama lita moja ya mafuta hayo kwa wiki. Yalikuwa ndiyo mafuta ya jikoni: ya kukaangia kitunguu, ya kumwagia mboga, pamoja na maharage, samaki na matunda. Hakuna aliyeambiwa anywe kijiko asubuhi halafu siku iendelee kama kawaida. Na siku ya mama mdogo ya kawaida ni maandazi mawili ya kibandani, mchana ndizi zilizoungwa kwa mafuta ya kuganda, na mtori wa Jumapili wenye siagi ya kutosha kuelea juu. Kijiko cha zeituni kinaongeza kilokalori kama 120 juu ya hayo yote. Hakiondoi kitu.

Kuondoa ndiko kwenye faida. Siagi na samli zaidi ya nusu yake ni mafuta yale yanayoganda yenyewe, na mawese ni karibu nusu. Nazi inazidi asilimia 80, ingawa siku hizi inasifiwa kila kona. Mafuta ya aina hiyo yakizidi, ini linapunguza kasi ya kuokota lehemu mbaya (kolesteroli) kwenye damu, nayo inabaki ikizunguka na kujibandika kwenye kuta za mishipa. Ukiyatoa na kuweka zeituni, alizeti au parachichi, lehemu hiyo inashuka. Ukiyatoa na kuweka mkate mweupe na soda, moyo haujapata nafuu yoyote.

Nikiongea hivi Arusha, hakosi mtu wa kunitajia Wamasai. Mbona wao wamelishwa maziwa na nyama vizazi na vizazi na mioyo yao mizima? Ni swali la haki, na liliwahi kuchunguzwa papa hapa nchini. Miaka ya 1960 daktari Mmarekani, George Mann, aliwapima Wamasai na kukuta lehemu yao iko chini kabisa licha ya maziwa yote yale. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakatoa matokeo ya uchunguzi wa maiti za wanaume 50: mafuta kwenye kuta za mishipa yalikuwepo, tena si haba, ila mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka kiasi kwamba damu ilipita bila shida. Mann aliona kwamba ni kutembea kwao. Anayetoka Sakina hadi Njiro kwa gari, akakaa ofisini hadi jioni, kisha akaenda Kwa Mrombo kwa kilo ya nyama, asijihesabu kwenye kundi hilo.

Kinachoniumiza zaidi ni karai la chipsi. Mafuta yanakaangiwa asubuhi hadi usiku, kesho yanaongezewa mapya juu ya yale yale meusi, mpaka yanatoa povu na moshi unaochoma macho. Mafuta yaliyochoshwa hivyo yanazaa kemikali zinazodhuru mwili, na alizeti ya kawaida huchoka upesi kuliko zeituni. Watoto wetu wanakula hapo wakitoka shule. Tunabishana kuhusu chupa ya kutoka Hispania, karai lililo mlangoni pa shule tunalipita. Simlaumu muuzaji peke yake, maana mafuta ni ghali na faida yake ni ndogo, lakini mzazi anaweza kuchungulia karai kabla ya kutoa hela. Mafuta yakiwa mazima, unaona hadi kitako cha karai.

Na alizeti zile za chupa za maji, zinazopangwa kando ya barabara kuu jua likiziwakia mchana kutwa, mwanga unaziharibu. Muombe muuzaji akupe ya kivulini.

Sasa nirudi Kibosho, kwa sababu jambo lililonikalisha pale hadi jioni lilikuwa nje ya dirisha. Kihamba cha mama mdogo, yaani shamba la nyumbani, kina miparachichi miwili mikubwa. Dalali anakuja, anahesabu, analipa kidogo, anashusha mzigo sokoni Kiboriloni. Ndani ya parachichi mafuta mengi ni ya jamii ile ile inayoipa zeituni jina, na juu yake kuna nyuzinyuzi na potasiamu, ambayo ni rafiki wa mwenye presha kama figo zake ni nzima. Mama mdogo anauza tunda lenye mafuta hayo, kisha anashuka mjini kununua kichupa.

Nilimweleza taratibu, maana si vizuri kumfundisha mzazi jikoni kwake. Akasikiliza, akauliza maswali magumu kuliko ya daktari: je, akila parachichi zima kila siku hatanenepa? Nikamjibu kweli: atanenepa kama halitachukua nafasi ya andazi. Nusu asubuhi na kipande cha magimbi, andazi lipumzike. Ndizi aziunge kwa alizeti kidogo. Siagi ya mtori ibaki ya sikukuu.

"Na hiki nikitupe?" akanyanyua kichupa.

Nikamwambia hapana, amwagie mchicha ukishaipuliwa, kwa sababu vitamini A ya mboga za majani haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Akafanya hivyo mchana ule ule, akaonja, akaongeza chumvi, nikamwomba aipunguze. Wakati naondoka alinifungia parachichi sita kwenye mfuko, akachagua nyingine kumi akaziweka uvunguni mwa kitanda ziive. Dalali, alisema, atachukua zitakazobaki.