Kuzima intaneti hakuzimi uvumi

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema serikali zina haki ya kuzima intaneti wakati wa maandamano ili uvumi usisambae. Samahani ndugu mwandishi, hapo umeteleza. Uvumi ulikuwepo kabla ya simu na kabla ya redio. Ukikata mtandao, anayenyamazishwa kwanza ni yule ambaye angeukanusha.

Misri ilijaribu Januari 2011. Karibu mtandao wote wa nchi ulizimwa kwa siku kadhaa, na maandamano hayakupoa. Februari 11 Rais Hosni Mubarak akang'oka. Togo nayo ilizima mwaka 2017, na mwaka 2020 Mahakama ya ECOWAS (jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Afrika Magharibi) ikaamua kwamba uhuru wa kujieleza ulikiukwa. Makala haigusi hata mfano mmoja kati ya hiyo.

Kufungia tovuti moja moja nako ni mchezo wa paka na panya. Kampuni ya simu inaamriwa isifikishe watu kwenye anwani fulani, kijana anawasha VPN, yaani programu ya kupitisha mawasiliano njia nyingine ili kukwepa kizuizi, maisha yanaendelea (najua mpo humu, mnacheka tu). Anayeumia ni muuzaji anayepokea oda kwa simu na mgonjwa anayesubiri majibu ya daktari, watu ambao hata hawajui hiyo VPN ni mdudu gani.

Kama kuna mchochezi, ashtakiwe yeye, kwa jina lake. Na amri ya kuzima ikitoka, tuambiwe: nani kasaini, kwa sheria ipi, na mwisho wake lini?