Matilda 1141: washauri wake nao walikuwa na bei zao

Wanaopenda kuiwaza historia kwa "ingekuwaje kama" huwa hawauachi mwaka 1141. Uingereza ilikuwa imegawanyika kati ya Stephen wa Blois, aliyewahi kulichukua taji Desemba 1135 wiki tatu tu baada ya mjomba wake Henry I kufariki, na Matilda, binti wa huyo huyo Henry, ambaye mabwana wakubwa akiwemo Stephen mwenyewe walishaapa Januari 1127 kwamba ndiye mrithi. Tarehe 2 Februari 1141 Stephen akakamatwa vitani Lincoln, akafungwa Bristol. Njia ikawa nyeupe kabisa kwa Matilda, halafu tarehe 24 Juni wakazi wa London wakamtimua kabla hata hajavishwa taji, inasemekana ndo alikuwa anataka kukaa mezani ale. Na maelezo unayoyasikia kila siku ni hayo hayo, kwamba alikuwa na kiburi, hakusikia washauri, angewasikia angekuwa mwanamke wa kwanza kuitawala Uingereza kwa haki yake na ile miaka mingine 12 ya vita isingekuwepo.

Hoja hiyo ina mashiko, tusiipuuze. Washauri wake hawakuwa watu wadogo. Kulikuwa na Robert wa Gloucester, kaka yake wa nje ya ndoa na ndiye aliyeshika jeshi, kulikuwa na David mfalme wa Scotland ambaye ni mjomba wake, na Henry wa Blois askofu wa Winchester, mdogo wake Stephen lakini pia mjumbe wa Papa nchini. Mwandishi wa Gesta Stephani, kitabu cha zama zile kilichoandikwa na mtu wa upande wa Stephen, anasema hao watatu walikuja wakapiga magoti mbele yake na yeye hakunyanyuka kuwapokea kwa heshima, akawajibu kwa ukali na kuwarudisha bila walichoomba. Tena watu wa London walipoomba waongozwe kwa sheria za mfalme Edward wa zamani badala ya zile za baba yake Matilda walizoziona nzito, akakataa. Robert naye hakuwa mtu wa kujitakia makuu, na mtu kama huyo akikwambia taratibu, unatakiwa usikie. Hapo wanaomlaumu wako sahihi.

Ila tukiishia hapo tunakuwa tumelisoma shauri bila kumsoma mshauri. Mchukue askofu Henry. Tarehe 2 Machi, siku ya mvua na mawingu, Matilda alikutana naye uwanjani karibu na Wherwell wakafunga dili, kwamba mambo makubwa ya nchi na hasa uteuzi wa maaskofu na wakuu wa monasteri yatapitia mkononi mwa Henry, naye Henry atampokea kama bibi wa nchi. Robert akaapa kama mdhamini, Brian FitzCount wa Wallingford akaapa, Miles wa Gloucester akaapa. Kwa hiyo kabla Henry hajatoa hata ushauri mmoja alishachukua malipo makubwa kuliko mtu mwingine yeyote upande ule. Kisha ilipofika Juni akaja na ombi lingine, kwamba Eustace mtoto wa Stephen apewe ardhi za baba yake, yaani Boulogne na Mortain, wakati baba yuko kifungoni.

Hebu liangalie hilo ombi vizuri maana ndilo wanalosema angelikubali mambo yangenyooka. Mortain iko Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, ambako mumewe Geoffrey wa Anjou alikuwa anasonga ngome baada ya ngome. Boulogne ni urithi wa mke wa Stephen, ndiko zinakotoka meli na askari wake, ndiko wafanyabiashara wa London wanakopitisha mali, na ilikuwa na mashamba makubwa Essex, jirani kabisa na London. Sasa unaambiwa mpe hayo yote kijana ambaye ndiye mpinzani wa mwanao kwenye kiti, na anayekwambia ni baba yake mdogo. Mimi sioni mshauri wa haki angemwambia mtu akubali hilo bila masharti. Halafu tunajua Henry alikuwa mtu wa aina gani maana alimwacha kaka yake Machi, kiangazi akarudi kwake, na Desemba mwaka huo huo akasimama kwenye kikao cha maaskofu Westminster akasema alimpokea Matilda kwa kulazimishwa. Brian FitzCount alimwandikia Henry barua baadaye akimkumbusha kwamba ni yeye mwenyewe aliyemwamuru amsaidie binti wa mfalme Henry, na sasa anamlaumu kwa kutii.

Na David? Hapa ndo panaponiuma zaidi, kwa sababu hapa Matilda alisikia mshauri na ndiyo ikamgharimu. Askofu wa Durham alifariki Mei 1141 na David alimtaka William Cumin, kansela wake, akae pale, na Cumin alishaikalia ngome ya Durham tayari. Matilda akawa yuko tayari kumpa fimbo na pete, alama za uaskofu, kwa mkono wake, na bila kufukuzwa London huenda angempa kweli. Sasa unganisha na kile kiapo cha Wherwell. Askofu anaahidiwa uteuzi wote, mjomba naye anataka askofu wake kaskazini, wote ni washauri, wote wanaitwa wenye busara. Ukimridhisha huyu umemvunjia yule kiapo. Unaposema "hakusikia washauri" inabidi useme washauri wepi, kwa sababu hawakuwa na neno moja na kila mmoja alikuwa amebeba ya kwake.

Lakini kitu ambacho sichoki kukirudia ni hazina. Henry I alipokufa, William wa Malmesbury, mwandishi wa historia wa zama zile, anasema aliacha pesa inayokaribia pauni 100,000. Ukitaka kujua ukubwa wake, hesabu ya serikali ya mwaka 1130, ambayo bado ipo, inaonyesha zaidi ya pauni 22,000 zililipwa hazina mwaka ule, kwa hiyo tunazungumzia mapato ya miaka minne na ushee yamelala sandukuni, bila kuhesabu vyombo na vito. Pesa hiyo yote Stephen aliikuta. Kuizingira Exeter tu mwaka 1136, miezi karibu mitatu, inatajwa ilimla hadi marki 15,000, na marki tatu ni pauni mbili, kwa hiyo pauni 10,000 zimeishia kwenye ngome moja, tena mwisho waliokuwa ndani wakaachiwa wakaenda zao. Ongeza askari wa kukodi wa Flanders, ongeza zawadi za kununua marafiki. Siku Henry wa Blois anamkabidhi Matilda taji na hazina pale Winchester, hata mwandishi wa upande wa Stephen anakiri kilichokuwemo kilikuwa kidogo sana.

Hiyo ndiyo hali aliyoingia nayo London. Hana pesa ya kulipa askari, hana pesa ya sherehe ya taji, mke wa Stephen yuko ng'ambo ya mto Thames na jeshi la Kent anachoma na kupora, na Geoffrey de Mandeville aliyeshika ngome ya London ni mtu wa kununuliwa. Akawaita matajiri wa mji akadai pesa nyingi kwa mkupuo. Wakasema hatuna, tulimpa Stephen. Akawajibu kwamba walimpa mfalme pesa zao kumpinga yeye kwa hiyo wasitegemee huruma. Maneno makali, sikatai, na mshauri yeyote angemwambia ayameze. Ila angeambiwa alipe kwa pesa ipi? Sijaona hata chanzo kimoja kinachosema kati ya wale watatu kuna aliyekuja na pesa au na njia ya kuipata. Walimwambia awe mpole, na upole haulipi mishahara ya askari wanaoangalia moshi ng'ambo ya mto.

Kuna na hili la nani anayetusimulia. Mwandishi huyo huyo wa Gesta Stephani anayemshutumu Matilda kwa kuacha upole wa kike na kutembea na kusema kwa mamlaka, ndiye anayemsifu yule mke wa Stephen, naye jina lake Matilda, kwa kuwa na moyo wa kiume. Huyu alikuwa anachoma vitongoji vya London wakati ule. Mmoja anapigania kiti chake mwenyewe, mwingine anapigania kiti cha mumewe, na nadhani tofauti ya sifa inatoka hapo hapo. Na Henry I, baba wa yule anayeshutumiwa, alikuwa mkali kupita kiasi na waliomwogopa walimwita simba wa haki.

Wapo pia wanaosema suluhisho lilikuwa Robert mwenyewe avae taji. Na kweli mwaka 1135 walikuwepo waliomshauri hivyo, akakataa, akasema ni haki zaidi kumwachia mtoto wa dada yake. Kwenye ile "ingekuwaje" naona wanasahau kwamba nguvu yote ya kundi lao ilikuwa kile kiapo cha 1127. Robert akikalia kiti, kiapo kimekufa, na hapo anabaki mtoto wa nje ya ndoa mwenye jeshi dhidi ya mfalme aliyekwisha kupakwa mafuta na kanisa. Yeye aliliona. Alipokamatwa Stockbridge Septemba 1141, wakati kundi lao linakimbia kutoka Winchester, wakamwahidi awe wa pili kwa mfalme nchi nzima kama atamwacha dada yake, akasema hapana. Mwezi Novemba akabadilishwa na Stephen, mtu kwa mtu. Yaani Matilda akakubali kuachia mfalme aliyemshika ili ampate kaka yake, na bado anaitwa mtu asiyethamini washauri.

Mimi ningekuwa kwenye kile chumba Juni ile ningemwomba aisubirishe kodi mpaka taji liwe kichwani, hata wiki mbili tu, akope kwa Robert, akope kwa Miles ambaye alishamlisha na kumhifadhi Gloucester kabla ya hapo. Hilo alikosea na lilimgharimu London. Boulogne na Mortain kumpa Eustace, hapana, hapo alikuwa sahihi, na Eustace alipofariki Agosti 1153 ndipo Stephen alipokubali kumfanya Henry mwana wa Matilda kuwa mrithi, miezi michache tu baadaye.