Mbweha Aliyepandishwa Cheo

Simba Pingalaka na fahali Sanjivaka walikuwa chanda na pete. Mbweha mmoja wa pale barazani kwa simba, jina lake Damanaka, akaona urafiki ule unamziba riziki. Akaenda kwa simba, akamnong'oneza kwamba fahali anautaka ufalme. Akarudi kwa fahali, akamwambia simba ana hamu na nyama yake. Kila mmoja alimpa na dalili za kutazama: ukimwona mwenzako amekaa hivi, macho yamemwiva, basi ujue. Walipokutana kila mmoja alishtuka kwa kuiona ile dalili, na kule kushtuka kwake ndiko kukawa dalili kwa mwenziwe. Fahali akafa. Simba akabaki ameduwaa mbele ya mzoga wa rafiki yake, na Damanaka akajisogeza kumliwaza, akampa na mithali mbili tatu za wafalme. Hadithi inakwisha mbweha akiwa mshauri wa simba.

Basi. Hakuna aliyemshika, hakuna aliyemuumbua. Nilipoisoma mara ya kwanza nilirudi kurasa mbili nyuma, nikidhani kuna mahali nimeruka.

Hicho ndicho kisa kinachobeba kitabu cha kwanza kati ya vitano vya Panchatantra, mkusanyo wa ngano za wanyama ulioandikwa kwa Kisanskriti huko India, si baadaye ya karne ya 6, na yawezekana karne kadhaa kabla ya hapo. Leo utaukuta kwenye rafu ya watoto, jaladani tembo anatabasamu. Wapo wanaoapa kwamba hakuna urithi bora wa kumpa mtoto: hadithi fupi, wanyama wanaosema, akili kidogo katika kila kisa. Wapo wanaosema kitabu hiki kilipachikwa kwenye rafu isiyo yake, kwamba ni shule ya ujanja iliyovalishwa manyoya. Mimi nina upande wangu, lakini upande wa pili una hoja ambazo hazizimwi kwa kusema "ah, hizi ni hadithi tu".

Kitabu chenyewe kinasema kilitungiwa nani. Mfalme Amarashakti wa mji wa Mahilaropya, kusini mwa India, ana wana watatu wasioshika lolote. Anawaita mawaziri, nao wanampigia hesabu: sarufi peke yake miaka 12, hapo bado elimu ya sheria, bado elimu ya utawala. Mmoja anakumbuka kuna mzee wa Kibrahmini, yaani wa tabaka la makuhani, Vishnu Sharma. Mzee ana miaka 80. Anaahidiwa ardhi, anakataa, anasema yeye hauzi elimu. Lakini nipeni muda wa miezi sita, na kama watoto hawa hawatakuwa wameerevuka, niiteni jina jingine. Anawachukua nyumbani, na badala ya sarufi anawapa mbweha, kunguru na panya. (Mzazi aliyewahi kulipia tuisheni mihula mitatu mfululizo atamwelewa sana Amarashakti.)

Somo lake huitwa niti, yaani busara ya kuishi katikati ya watu na kutawala bila kumezwa. Katika salamu za ufunguzi anatajwa Chanakya, mwalimu wa siasa za dola, na hilo linatosha kukuonyesha mzee alikuwa na nia gani. Wanafunzi wake walikuwa vijana ambao kesho wangezungukwa na akina Damanaka halisi. Kuwaficha mbweha kungekuwa ni kuwauza.

Sasa wanaopinga. Hoja yao ya kwanza ni huyo Damanaka, na tusidhani ni malalamiko ya wazazi wa leo. Katika karne ya 6 tabibu wa Kiajemi, Burzoy, alikileta kitabu hiki kwenye baraza la Khosrow wa Kwanza, mfalme wa Uajemi, na kukitafsiri kwa Kipahlavi, Kiajemi cha enzi hizo. Karibu mwaka 750 Ibn al-Muqaffa, Mwajemi aliyeandika Kiarabu cha kupigiwa mfano, akakigeuza kuwa Kalila na Dimna, yaani Karataka, mbweha mwenzake Damanaka ambaye sikumtaja, na Damanaka mwenyewe. Alipofika mwisho wa kisa cha simba na fahali, hakustahimili. Akaongeza sura nzima: fitina inagundulika, Dimna anashtakiwa, anajitetea kwa ulimi wa asali, mashahidi wanapatikana, anauawa. Sura hiyo haimo katika Kisanskriti. Kwa hiyo zaidi ya miaka 1,200 iliyopita mhariri mmoja alikwisha kuona kwamba mwisho ule haukaliki. Naye hakuwa mtu wa kuambiwa habari za ikulu. Alikuwa katibu wa wakubwa, na aliuawa Basra akiwa bado hajafika uzee.

Hoja ya pili inaniuma zaidi. Kuna ngano ya mbweha aliyefukuzwa na mbwa wa mjini, akatumbukia kwenye pipa la nili la mtia rangi. Alipotoka alikuwa bluu mwili mzima. Porini wanyama walimkimbia. Yeye akatangaza kwamba ametumwa kutoka mbinguni awe mfalme wao. Akampa simba uwaziri, akampa chui milia ulinzi wa chumba cha kulala. Kisha akawafukuza mbweha wenzake wote wasije wakamtambua. Siku moja kundi la mbweha likabweka kwa mbali. Mwili ukamsisimka, machozi ya furaha yakamtoka, akainua shingo akabweka. Wakamrarua.

Katika vitabu vya watoto kisa hiki hufungwa kwa "usijifanye usichokuwa", na mtoto anaitikia kwa kichwa. Lakini kiweke katika jamii ya tabaka, mahali mtu anapozaliwa fundi wa ngozi na kufa fundi wa ngozi, na kitakwambia jambo jingine kabisa: mbweha akae alipozaliwa. Msomaji wa India ambaye babu zake walikuwa ndio hao "mbweha" ana haki ya kukunja uso. Vivyo hivyo wanawake. Katika ngano hizi wake za watu ni wazinzi, wachonganishi, au wenye tamaa ya mioyo ya marafiki wa waume zao, na mithali za kuwasema zimejaa. Hapo sina utetezi, na visa vya namna hiyo mimi simsomei mtoto.

Lakini hilo la tabia ya kuzaliwa nalo, kitabu chenyewe hakikubaliani nalo moja kwa moja, na hapa ndipo watetezi wangu wapendwa huikosa hoja yao bora kwa kuharakia kusifia maadili. Tazama kitabu cha tatu, vita vya kunguru na bundi. Waziri mzee wa kunguru ananyonyolewa manyoya na kupakwa damu na mfalme wake mwenyewe, kisha anaachwa chini ya mti kama mhaini aliyetupwa. Bundi wanamwokota. Anawaambia amechoka na ukunguru, anatamani ajichome moto azaliwe upya bundi. Waziri mmoja tu wa bundi, Raktaksha, anakataa kudanganyika, na anatoa ngano ya panya jike aliyegeuzwa msichana na mtawa mmoja. Binti alipofika umri wa kuolewa, mtawa akamtafutia mume mwenye nguvu kuliko wote: jua, akakataa, wingu lililofunika jua, akakataa, upepo unaofukuza wingu, akakataa, mlima unaouzuia upepo, akakataa. Mlima ukasema, wanaonishinda ni panya, hao hunitoboa. Alipomwona panya, binti akafurahi, akaomba arudishwe umbo lake. Kunguru atabaki kunguru, ndiyo maana ya Raktaksha. Na alikuwa amesema kweli: yule mgeni akajenga kiota cha vijiti mlangoni mwa pango la bundi, kikatiwa moto, wakateketea.

Ukiishia hapo, umeshapata somo lako: asili haibadiliki. Ila kitabu cha pili, kilichotangulia, kimekwisha kukuonyesha kunguru mwingine, Laghupatanaka, anayesimama mbele ya tundu la panya Hiranyaka akiomba urafiki. Panya anamjibu bila kutoka nje: wewe ni mla, mimi ni mliwa, urafiki wetu utatoka wapi? Wanabishana kwa mithali mpaka panya anakubali. Baadaye kobe anaingia, kisha swala, na swala anaponaswa, kunguru ndiye anayembeba panya kwenda kukata kamba kwa meno. Hakuna anayeliwa. Mla na mliwa wanabaki marafiki.

Nani mkweli basi, panya wa kitabu cha pili au bundi wa kitabu cha tatu? Mzee Vishnu Sharma hatoi jibu. Katika Panchatantra ngano hazisimuliwi na mwandishi. Zinasimuliwa na wanyama wanaotaka jambo fulani. Mbweha mfitini anatoa ngano nzuri, waziri mwaminifu anatoa ngano nzuri, na utamu wa kisa hauonyeshi nani anasema kweli. Mwanafunzi analazimika kuuliza: huyu ananisimulia hiki kwa nini, na kwa nini sasa hivi? Sijui somo lingine lenye faida kubwa zaidi kwa mtoto anayekua akirushiwa video za dakika moja kutwa kucha.

Hilo ndilo linalopotea tunapozikata ngano hizi moja moja na kuzipachika mkia wa "hadithi hii inatufundisha". Maswali ya mtihani yamezoea kudai jibu la mstari mmoja. Ukimpa mtoto mbweha wa nili peke yake, umempa amri. Ukimpa mbweha wa nili leo, na kesho kunguru na panya, umempa ubishi, na ubishi atautafuna wiki nzima.

Kwamba ngano hizi hustahimili kukatwa na kushonwa upya, tunao ushahidi hapa hapa pwani. Mwaka 1870 mmisionari Mwingereza Edward Steere alichapisha hadithi alizosimuliwa Zanzibar, na mojawapo ni ya kima na papa, pamoja na punda wa dobi. Wengi wetu tumeisikia kwa bibi baada ya paukwa pakawa: kima juu ya mkuyu anamtupia matunda rafiki yake papa, papa anamkaribisha kwao, wakiwa katikati ya bahari papa anakiri kwamba sultani wao mgonjwa, na dawa ni moyo wa kima. Kima anasema, ungeniambia mapema, sisi tukitembea mioyo yetu tunaiacha mtini. Katika Kisanskriti yule rafiki ni mamba na mti ni mjambu, jamii ya mzambarau wetu. Katika Kiarabu ni kobe, na matunda ni tini. Mkuyu nao ni wa ukoo wa tini, kwa hiyo njia iliyopitia hadithi inakisika, ingawa neno dobi lenyewe limetoka Uhindini. Kwa vyovyote, yule punda wa dobi, anayesemwa hakuwa na moyo wala masikio maana alimrudia simba mara ya pili, amefika mzima.

Na mke? Huko kote, India na kwa Ibn al-Muqaffa, anayesababisha moyo utafutwe ni mke wa mamba au wa kobe. Zanzibar hayupo. Mahali pake yupo sultani mgonjwa. Sijui kama wazee wale walimwondoa makusudi, ila hadithi haikupungua chochote, na hakuna aliyehitaji kuiwekea hotuba mwishoni. Kurekebisha ngano ni jambo la zamani kuliko vitabu vyenyewe. Kinachoiua ni kuihubiria.

Kuhusu damu sina wasiwasi mwingi. Kile kisa cha nguchiro anayeua nyoka kumwokoa mtoto, kisha mama, anaporudi na mtungi wa maji na kumwona mdomo umejaa damu, anamponda nao, ni kizito kuliko vyote. Mtoto wa miaka minne simsimulii kwanza. Wa miaka minane amekwisha kuadhibiwa kwa kosa asilotenda, anajua linavyouma.

Mpwa wangu ana tisa. Mwezi uliopita nilimsimulia simba na fahali, kwa mwisho wa Kisanskriti. Alikaa kimya, akauliza simba alijua lini kwamba amedanganywa. Nikamwambia hakujua. Ile sura ya Ibn al-Muqaffa ninayo, kesi, mashahidi na hukumu, ilikuwa ulimini kabisa. Sikuitoa. Alijigeuza ukutani nikadhani amelala, kisha akauliza, "Mjomba, na yule mbweha mwingine alikuwa anajua?"

Nikamwambia ndiyo, Karataka alikuwa anajua tangu mwanzo.