Superkondakta safi ni ya nini? Mi natetea uchafu

Mnakumbuka Julai na Agosti 2023, intaneti nzima ilikuwa LK-99, ile kitu ya Wakorea iliyodaiwa kuwa superkondakta, yaani kupitisha umeme bila ukinzani wowote, kwenye joto la kawaida la chumbani, na ghafla kila mtu akawa mwanafizikia. Haikuchukua muda ikajulikana kwamba ile grafu ya ukinzani kuporomoka karibu na nyuzi 104 za Selsiasi ilikuwa uchafu tu, salfaidi ya shaba iliyobaki humo wakati wa kupika, maana yenyewe hujipanga upya ndani kwenye joto hilohilo. Uchafu ukazidi kuchukiwa. Mi naona umeonewa.

Shida yetu tunashabikia namba moja tu, joto. Mwaka 1986 Bednorz na Müller pale IBM Zürich walipata oksidi ya shaba iliyobaki superkondakta hadi kupita kelvini 30 (kelvini inahesabu joto kuanzia baridi ya mwisho kabisa), mwaka uliofuata kina Paul Chu na Maw-Kuen Wu wakaja na YBCO, oksidi ya shaba yenye itriamu na bariamu, inayofanya kazi hadi kama kelvini 92, na nitrojeni kimiminika, kipoozi cha bei rahisi, inachemka kwenye 77, basi watu wakajua kesho tu nyaya zinaanza kuvutwa. Wapi bana.

Ni hivi, superkondakta za aina hii ukiziweka kwenye sumaku kali haziifukuzi yote, zinaiachia iingie kwa vijibomba vyembamba sana vinaitwa voteksi, kila kimoja kimebeba kiasi kilekile cha sumaku na mkondo wa umeme unakizunguka. Mwanafizikia Abrikosov alishalieleza hilo 1957, Nobel wakampa 2003. Sasa ukipitisha umeme wa kazi, unazisukuma hizo voteksi kando, na zikishaanza kutembea tu zinakula nishati, ukinzani huo umerudi, kitu umekipoza vizuri kabisa na bado hakikusaidii.

Chukua bao lenye kete zake. Ukiliinamisha kidogo kete zinabaki kwenye mashimo, ila ubao laini usio na shimo hata moja, zote ziko sakafuni. Kete ndo voteksi, kuinamisha ndo umeme wenyewe, kulitikisa ndo joto, na mashimo ndo kasoro na uchafu ndani ya fuwele. Kwa hiyo fuwele safi kabisa, ile ambayo mtu wa maabara angeipiga picha akaitundika ukutani, kwa kazi ya sumaku ndo mbovu kuliko zote.

Hata zile video za kipande cheusi cha superkondakta kinachofuka moshi wa baridi kikining'inia CHINI ya sumaku bila kudondoka, watu wanasema ni sumaku kufukuzwa, hapana, ingekuwa kufukuzwa tu kingeanguka. Kinashikiliwa na voteksi zilizonaswa. Mwaka 2003 Tomita na Murakami wa Japani walinasa tesla 17.24 (tesla ni kipimo cha ukali wa sumaku) kwenye vipande vya namna hiyo kwa kelvini 29.

Ila sisemi mwaga uchafu wowote. Zinki kwa mfano inakaa palepale pa shaba, kwenye tabaka ambalo ndo moyo wa kazi yote, inaua usuperkondakta pande zote za hapo iliposimama, asilimia chache tu na joto la kazi linaporomoka kwa makumi ya kelvini. Inanasa voteksi kidogo, sawa, lakini gharama yake sasa! Bariamu zirkoneti yenyewe ina adabu, haiingii kwenye fuwele ya YBCO, inajitenga na kujipanga yenyewe nguzo kwa nguzo, unene wa nanomita chache, na kiini cha voteksi ni kama nanomita 2 hadi 4, kwa hiyo voteksi inalala kwenye nguzo urefu wake wote. Faida ya kuichanganya ilionyeshwa kwenye maabara ya Los Alamos, Marekani, 2004, na kwangu mimi ni habari kubwa kuliko LK-99 kumi, ila nani aliipigia kelele? Sumaku ikija kwa mshazari nguzo zinapoteza makali, ndo maana watu wanachanganya na chembechembe za duara zinazonasa kutoka kila upande.

Na superkondakta za oksidi ya shaba zenye bismathi zinaonyesha joto peke yake sio kitu: moja inafika kelvini 110, inaipita YBCO mbali, lakini matabaka yake yameshikana kwa ulegevu, voteksi inakatikakatika vipande bapa, unashika kimoja vingine vinakimbia. Kwenye nitrojeni na sumaku kali YBCO inaiacha mbali.

Siku hizi tepi za familia ya YBCO ndo zinazotegemewa kwenye sumaku za mitambo ya muungano wa nyuklia, kule chuo cha MIT na kampuni ya Commonwealth Fusion Systems walifikisha tesla 20 Septemba 2021. Kwenye mtambo halisi nyutroni zitakuwa zinaipiga tepi muda wote na kuitoboa kasoro mpya, mwanzoni umeme inaoweza kubeba unapanda kabisa, halafu kasoro zikizidi unaanza kushuka, na hapo hakuna wa kuchagua shimo likae wapi.