Dema la Mikindani na saa za angani

Zamani nahodha wa Mikindani alilinganisha mbuyu wa ufukweni na kilima kilicho nyuma yake ndipo ajue alipozamisha dema, mtego wake wa samaki. Siku hizi wengi hutazama simu au jipiesi (GPS) ya mkononi. Kwa hiyo swali la kama Tanzania nayo ijenge mfumo wake wa setilaiti wa kuonyesha mahali linamhusu mvuvi kama linavyomhusu mwanajeshi.

Wanaotaka tuwe na chetu wana hoja nzito. Hadi Mei 2000, Marekani ilivuruga kwa makusudi mawimbi ya raia ya GPS, mfumo wake wa setilaiti, na kosa liliweza kufika mita 100. Kwa mvuvi, hilo ni dema lililopotea. Hoja yao ni kwamba aliyeacha kwa amri anaweza kuanza tena kwa amri. India nayo husimulia kwamba katika vita vya Kargil dhidi ya Pakistan, 1999, iliiomba Marekani data ya GPS ikanyimwa. Baadaye ikajenga NavIC, mfumo wake yenyewe.

Lakini India hiyo hiyo ndiyo inayonifanya nisite. NavIC haienei dunia nzima, ilibuniwa kuhudumia India na majirani tu, kwa setilaiti 7. Kilichowasumbua zaidi ni saa. Mahali hupatikana kwa kupima muda ambao mawimbi yanasafiri. Saa ya atomiki iliyo ndani ya setilaiti ikikosea sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, hesabu ya umbali inakosea mita 300. Saa zilizonunuliwa Ulaya zikaanza kufa huko juu. Setilaiti ya kuziba pengo, mwaka 2017, ikanasa ndani ya kifuniko cha roketi. Saa iliyotengenezwa India kwenyewe ilipaa 2023. Na hao wana roketi zao. Sisi hatuna hata moja.

Isitoshe, GPS haiko peke yake tena. GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, iliyokamilika 2020, zote zinafika Mtwara, na simu nyingi mpya hupokea zaidi ya mfumo mmoja. Mmoja akifunga, wengine wapo. Anayezuia mawimbi kwa mtambo wa karibu atazuia hata ya kwetu.

Fedha za kujenga mfumo wetu ningezipeleka kwenye vituo vya ardhini vya kusahihisha mawimbi, kimoja Mtwara, kimoja Kilwa Masoko. Mpima viwanja wa Lindi angepata usahihi wa sentimita, na vijana wetu wangeviendesha. Ufunguo utabaki kwa wenye setilaiti. Sikatai, na linaniuma.