Anayeogopa vidonge kwa sababu ya presha sio mjinga

Kila nikisikia mwanamke anajibiwa "hayo ya vidonge kupandisha presha ni maneno ya mtaani" naumia kweli, maana sio maneno ya mtaani, madaktari wenyewe waliyaandika tangu miaka ya 60. Kwa hiyo yule dada anayeacha vidonge vya uzazi wa mpango akaenda kununua mizizi ya kuchemsha anaondoka na hofu ya kweli. Shida yangu mimi ni kule anakoipeleka.

Vidonge vya kawaida vile vyenye homoni mbili vina estrojeni, na estrojeni ikipita kwenye ini inalifanya ini litoe kwa wingi protini inaitwa anjiotensinojeni, na hiyo ndo inaanzisha ule mlolongo wa mishipa kubana na mwili kushikilia chumvi na maji. Kwa wengi presha inapanda kidogo hata hawajui, kwa wachache inapanda mpaka inakuwa ugonjwa.

Sasa hao wachache ni wangapi? Marekani kuna utafiti mkubwa wa manesi, zaidi ya 68,000, walianza kufuatiliwa 1989 kwa miaka minne. Waliokuwa kwenye vidonge walionekana kuwa na uwezekano wa kupata presha mara 1.8 ukilinganisha na ambao hawajawahi kutumia. Hapo unashtuka, karibu mara mbili. Ila ukiigeuza hesabu, walioongezeka kwa sababu ya vidonge ni kama 41 kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, na wakiacha, hatari inashuka haraka. Watu wa uzazi wa mpango wanaishika hiyo 41 na wana haki yao, ni wachache kweli.

Lakini mimi hiyo namba inanisumbua kila nikiirudia, maana wale ni manesi jamani. Mtu ambaye kipimo cha presha anakishika kila siku kazini, ikipanda leo keshokutwa anajua, anaacha vidonge, mambo yanaisha. Sasa wewe ichukue hiyo 41 uilete kwetu. Shirika la Afya Duniani lilishasema karibu nusu ya watu wazima wenye presha, asilimia 46, hawajui kama wanayo, na Tanzania utafiti wa 2012 ulikuta mtu mzima mmoja kati ya wanne anayo. Halafu dada anaenda duka la dawa, anaulizwa "una presha?", anajibu "sina", anapewa pakiti yake. Hiyo "sina" maana yake ni "sijawahi kupimwa". Swali limeulizwa, jibu limetolewa, na hakuna kilichojulikana.

Mdogo wangu alimeza vidonge zaidi ya mwaka namna hiyo hiyo. Kichwa kinauma kisogoni kila asubuhi, anasema ni usingizi. Zahanati aliyoenda mara ya kwanza kipimo kilikuwepo mezani ila betri hakina, akaambiwa apite siku nyingine. Alipopimwa kwingine, mkono juu ya meza, nesi akarudia mara mbili, 152 kwa 98. Kwa miongozo ya Shirika la Afya Duniani ukishafika 140 kwa 90 vidonge vya homoni mbili kwa kawaida hupewi, labda kama njia nyingine hazipatikani au hazikufai, na ukifika 160 kwa 100 ni marufuku kabisa.

Najua wanaonyamazia hili wanaogopa nini. Ukisema vidonge vinapandisha presha wanawake wanaacha vyote, wanapata mimba wasizopanga, na mimba kwa mwenye presha ni hatari kuliko kidonge chochote, kifafa cha mimba kinaua. Hiyo hoja ni nzito na siipuuzi. Ila kumficha mtu hakumbakizi kwenye vidonge, kunampeleka kwa muuza mizizi akiwa anaamini daktari alimdanganya.

Na huko kwenye mizizi anaambiwa nini? Kwamba ni ya asili, haina presha. Mimi sidharau mitishamba, hata hivi vidonge vilitokana na mizizi ya viazi vikuu vya porini vya Mexico, mkemia Mmarekani Russell Marker aliifuata kule Veracruz miaka ya 40, na 1951 maabara ya Syntex ikatengeneza kutoka humo homoni ambayo mpaka leo ipo kwenye vidonge vya uzazi. Lakini ile kazi ya kugeuza kuwa homoni ilifanyika maabara, mwili wako hauwezi, ukila hicho kiazi gunia zima hakizuii mimba.

Pamba nayo ina stori yake. China waligundua vijiji vilivyopikia mafuta ghafi ya mbegu za pamba watu walikuwa hawazai, wakatoa humo kitu kinaitwa gosipoli, wakawajaribu wanaume zaidi ya 8,000 kuanzia miaka ya 70. Ilizuia mbegu za kiume vizuri sana! Ila baadhi potasiamu, madini ambayo misuli inayahitaji, ikashuka mwilini, wengine wakaishiwa nguvu za misuli mpaka kupooza, na karibu mmoja kati ya kumi uwezo wa kuzaa haukurudi. Wakaiacha 1986. Kilikuwa kitu cha shambani, na madhara yalionekana kwa sababu kuna watu waliopimwa damu. Anayekunywa kwenye chupa ya nusu lita bila kujua ni mti gani wala kiasi gani, nani anampima potasiamu? Nani anampima presha?

Mbegu za papai wanazotafuna watu, India walizifanyia kazi kwa kima, mbegu za kiume zikapotea na zikarudi walipoacha. Inatia moyo, na natamani utafiti kama huo ufanyike na kwetu, pale Muhimbili ipo taasisi nzima ya tiba asili. Lakini wale kima walipewa dawa iliyochujwa kwa kipimo, sio kijiko cha mbegu.

Mdogo wangu sasa ana kitanzi cha shaba, hakina homoni hata chembe. Wangempa hata vijiti, havina estrojeni. Alipimwa tena baada ya miezi mitatu, 134 kwa 86. Hakuna aliyemtajia kitanzi siku ile ya kwanza, na kipimo chenyewe kinachukua dakika tano.